Mpangilio wa Matukio katika Riwaya ya Santi na Tamthilia Zake

Riwaya ya Liu Cixin, Santi, ilipotoka kitabu mwaka 2008, haikufungua kwa Mapinduzi ya Utamaduni ya China. Matukio hayo yalifichwa ndani. Ken Liu, katika tafsiri yake ya Kiingereza (2014), aliyarudisha mwanzoni, kama mwandishi alivyokusudia hapo awali. Badiliko hili si dogo. Msomaji wa Kichina huanza na fumbo la wanasayansi wanaojiua. Wa Kiingereza humwona kwanza Ye Wenjie akishuhudia babake akiuawa hadharani, hata chuki yake kwa wanadamu haimshangazi baadaye. Tamthilia ya Tencent (2023) imefuata fumbo. Ya Netflix (2024) imefungua kwa mauaji. Basi mhakiki anayeilaumu Netflix kwa kukiacha kitabu hana budi kututajia kwanza ni kitabu kipi.