"Kifua" si jina la ugonjwa mmoja

Mwaka jana, wakati wa baridi ya Juni, nilimsindikiza mama mdogo kwenye kituo cha afya hapa Lubumbashi. Daktari aliuliza kwa Kifaransa, nami nikawa mkalimani. "Niko na kifua, dokta," alisema mama mdogo. Nikatafsiri: bronchite. Tangu lini? "Juma moja." Aliandikiwa antibiotiki, tukarudi nyumbani. Kosa la kwanza lilikuwa langu.

Neno kifua hutaja mahali panapouma, halitaji ugonjwa. Katika mazungumzo yetu hubeba pumu, nimonia, kifua kikuu na bronshiti bila kuzitofautisha. Kamusi za Kiswahili sanifu zinaita bronshiti mkamba, lakini mtaani kwetu sijasikia mtu akilitumia neno hilo.

Mkamba ni nini basi? Hewa tunayovuta hupita katika bomba la pumzi, ambalo hugawanyika kuwa mirija inayotawanyika ndani ya mapafu kama matawi ya mti. Utando wa ndani wa mirija hiyo ukivimba, hutoa makohozi mengi, na mgonjwa hukohoa ili kuyatoa. Kiambishi -ite cha Kifaransa kinasema jambo hilohilo: sehemu fulani imevimba kwa kuathiriwa na kitu.

Kuna mkamba wa aina mbili, na kinachozitenganisha kwanza ni muda.

Mkamba wa ghafla mara nyingi hufuata mafua. Husababishwa zaidi na virusi, kwa hiyo kwa kawaida antibiotiki hazisaidii kitu, hata kama makohozi ni ya njano au ya kijani. Mgonjwa hukohoa, huchoka, pengine hupata homa kidogo. Hupumzika, hunywa maji ya kutosha, hutumia parasetamoli kwa homa na maumivu. Asali hutuliza kikohozi, ila mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe. Kikohozi chenyewe kinaweza kuchukua majuma 2 hadi 3 kabla ya kuisha.

Mkamba sugu ni kukohoa pamoja na kutoa makohozi kwa muda wa miezi 3 au zaidi kwa mwaka, miaka 2 mfululizo, bila ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo. Chanzo chake kikubwa ni tumbaku, lakini moshi wa kuni na makala, pamoja na vumbi la kazini, huleta madhara pia. Hauponi kabisa. Tiba ni kuondoka kwenye moshi, na dawa za kuvuta zinazopanua mirija.

Kikohozi cha mama mdogo hakikuisha. Jioni moja, akiwa amekaa mbele ya mbabula, nilimuuliza upya: "Mama, na mwaka uliopita ulikohoa?" Akacheka. Alikuwa akikohoa kila msimu wa baridi, miaka minne sasa, tangu aanze kukaanga maandazi ya kuuza katika jiko lisilo na dirisha. "Juma moja" lilikuwa jibu la kweli kuhusu kikohozi cha safari ile tu.

Tulirudi. Makohozi yalipimwa ili kuhakikisha si kifua kikuu, hakikuwepo. Ni mkamba sugu. Sasa mbabula iko uani.

Sisi wanafunzi wa lugha huombwa kila mara kuwatafsiria wazazi wetu. Mgonjwa akisema "kifua", tusikimbilie neno moja la Kifaransa. Tumuulize: unakohoa tangu lini, na miaka iliyopita? Makohozi yanatoka? Unakaa kwenye moshi au vumbi? Kikohozi kikipita majuma 2, aombe kupimwa kifua kikuu. Na akikohoa damu, akikosa pumzi, akiwa na homa kali, akikonda au akitokwa jasho jingi usiku, asingoje: aende kwa daktari, nasi tutafsiri maneno yake yote, hata yale yanayoonekana madogo.