Kabla Hujanunua Prosesa Nyingine

Seva pepe ikianza kuzorota, kurasa zikawa nzito kufunguka, wenye seva wengi hukimbilia kulipia prosesa zaidi. Fedha hizo mara nyingi hupotea bure, kwa sababu hakuna aliyetazama kwanza tarakimu iliyo mbele ya herufi mbili: st.

Seva pepe ni kipande cha mashine halisi. Programu iitwayo haipavaiza hugawa prosesa, kumbukumbu na diski za mashine hiyo, na kila kipande hujiona kompyuta kamili. IBM ilitangaza mfumo wa namna hii, VM/370, mwaka 1972. Xen ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilifuata mwaka 2003, na mwaka 2007 KVM ikaingizwa ndani ya Linux yenyewe.

Shida ni kwamba kipande hakioni kilicho chini yake. Prosesa 4 ulizokodi huenda ni zamu tu kwenye prosesa zinazotumiwa pia na wateja usiowajua. Mtoa huduma anaweza kuuza zamu nyingi kuliko prosesa alizonazo, akitegemea kwamba wateja hawatakuwa na kazi nzito wote saa ileile. Ikitokea wakawa nayo, foleni huundwa, nawe ndani ya seva yako huoni foleni hiyo wala waliomo.

Ila amri ya top inakupa dalili. Kwenye mstari wa prosesa, us ni muda uliotumiwa na programu zako, sy ni wa kiini cha Linux, id ni wa kukaa bila kazi, na wa ni wa kusubiri diski. Nayo st ni muda ambao prosesa pepe ilikuwa tayari kufanya kazi ikanyimwa zamu. St ikibaki 20 kwa saa nzima, moja ya tano ya muda wa prosesa uliyokodi imekwenda kwingine, na kurekebisha programu yako hakutairudisha.

Isomwe kwa uangalifu lakini. Mipango ya bei nafuu huwekewa kikomo cha prosesa, na ukikivuka st hupanda hata kama jirani amelala. Kwenye VMware, st kwa kawaida husomeka 0 hata foleni ikiwapo. Kipimo chake huonekana zaidi upande wa mwenye mashine. Na ukitumia amri ya vmstat 1, puuza mstari wa kwanza: huo ni wastani tangu seva iwashwe, na wastani huficha saa mbaya.

Kumbukumbu nayo huwatisha watu bila sababu. Amri ya free huonyesha nafasi tupu ndogo kwa kuwa Linux huhifadhi humo mafaili yaliyosomwa karibuni, na huyaachia programu zikihitaji nafasi. Safu ya kuamini ni available. Wasiwasi uanze inapokaribia kwisha huku vmstat ikionyesha kumbukumbu ikihamishiwa diski na kurudishwa, kwenye safu za si na so.

Kwa hiyo, rekodi vipimo hivi saa zenye wateja wengi, kwa siku kadhaa. Ukikuta st iko juu ilhali hujavuka kikomo chako, mpelekee mtoa huduma rekodi hiyo na umtake akuhamishie kwenye mashine nyingine. Ni haki yako, maana muda huo umeulipia.