Je, Wajua? Sinema za Kisayansi, Sehemu Zake za Pili, na Ile Iliyotokea Kihansi

Je, wajua kwamba Ian Malcolm, yule mwanahisabati wa mavazi meusi katika Jurassic Park, alikuwa amekwisha kufa kabla sinema haijatengenezwa? Katika riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1990, msomaji anafunga kitabu akijua Malcolm hayupo tena. Steven Spielberg alipoigeuza riwaya hiyo kuwa sinema mwaka 1993 akamwacha hai, watazamaji wakampenda, na Crichton alipokaa kuandika kitabu cha pili, The Lost World, kilichotoka 1995, ikambidi amfufue. Kwa kawaida kitabu huizaa sinema. Hapa sinema ilikipa kitabu amri.

Mwenye bustani ya dinosaria katika hadithi hiyo, mzee John Hammond, mambo yake yalikwenda kinyume. Kitabuni anauawa na wanyama aliowaumba yeye mwenyewe. Kwenye sinema anaondoka kwa helikopta, babu mpole aliyehuzunika. Mimi nasimama na kitabu. Crichton alitaka aliyefungua mlango ndiye alipe, na swali la nani alipe ndilo linaloifanya hadithi ya kisayansi iwe zaidi ya meno na mayowe.

Mwaka 2015 ikatoka Jurassic World, sehemu ya nne. Ndani yake, wenye bustani wanaunda mnyama mpya mkubwa zaidi kwa sababu wageni wamechoka kutazama dinosaria wa kawaida. Hoja hiyo ni nzuri sana, lakini sinema yenyewe ikaanguka katika kosa lilelile ililolisema: ikatuletea mnyama mkubwa zaidi. Zikafuata nyingine 2018, 2022 na 2025. Crichton alikwishafariki mwaka 2008, na kitabu cha tatu hakukiandika kamwe.

Je, wajua kwamba sehemu ya pili inaweza kuipita ya kwanza? Mwaka 1984 James Cameron alitengeneza The Terminator kwa fedha kidogo kwa viwango vya Hollywood, na Arnold Schwarzenegger akiwa adui, mashine iliyotumwa kumuua mwanamke. Katika sehemu ya pili, mwaka 1991, uso uleule unarudi ukiwa mlinzi wa mtoto wa mwanamke huyo. Mwanamke mwenyewe, Sarah Connor, aliyekuwa mhudumu wa mgahawa anayekimbia ovyo, sasa ni mpiganaji anayezuiliwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa sababu hakuna anayemwamini. Yaani yaliyompata kwanza yamemwachia alama, na sehemu ya pili inaanzia kwenye alama hizo. Zilizofuata bila Cameron kwenye kiti cha mwongozaji, 2003, 2009, 2015 na 2019, hazikupata tena uzito huo. Ile ya 2019 ilijifanya kana kwamba tatu zilizoitangulia hazikuwahi kutokea. Hadithi ikifika mahali pa kuwaomba watazamaji wasahau, imeishiwa.

Aliyekulia Mlimba, Ifakara au Mang'ula kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, hakuziona sinema hizi kama zilivyoonwa Los Angeles. Aliziona kupitia mtafsiri aliyezisimulia kwa Kiswahili. Jina la Lufufu wa Dar es Salaam lilitosha kuuza kaseti, na DJ Mark naye alikuwa na wafuasi wake. Wakenya wana DJ Afro. Waganda huwaita wasimuliaji wao VJ, na sauti ya VJ Emmie katika Who Killed Captain Alex?, sinema ya mwaka 2010 iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na Nabwana I.G.G., imekuwa sehemu ya sinema yenyewe kiasi kwamba watu wa nchi za mbali huitazama wakiifuata sauti hiyo.

Mtafsiri wa kibandani hafuati maneno moja baada ya jingine. Anasimulia, anampa adui jina, anamwonya stelingi asigeuke nyuma, anaingiza habari za Kariakoo katikati ya mji wa Marekani. Naiheshimu kazi hii kama ninavyoiheshimu ya mwongozaji anayegeuza kitabu kuwa sinema, na kwa hadithi za kisayansi ni ngumu kuliko kwa ngumi za Wachina. Fikiria The Terminator: mwana aliyeko siku za mbele anamtuma askari arudi nyuma, na askari huyo ndiye anayekuja kuwa baba wa mwana aliyemtuma. Sasa mweleze hilo kijana aliyelipa kiingilio sinema ikiwa nusu! Anayeweza hilo ni fundi. Hasara ipo pia: mtafsiri mwenye haraka hubakiza bunduki na kukimbizana, swali la hadithi likapotelea njiani, na mtazamaji akatoka akijua nani kampiga nani bila kujua kwa nini.

Sasa hili la kwetu. Je, wajua kwamba katika Jurassic Park wanasayansi huziba mapengo ya vinasaba vya dinosaria kwa vinasaba vya chura? Na je, wajua kwamba sinema hiyo ilipotoka, sayansi ilikuwa bado haimjui chura aliyekuwa akiishi jirani kabisa na Mlimba, kwenye korongo la mto Kihansi, katika ukingo wa milima ya Udzungwa? Aligunduliwa mwaka 1996, wakati wa uchunguzi wa mazingira ulioambatana na mradi wa umeme. Ana rangi ya manjano na mkubwa wao hafiki sentimita 3. Hatagi mayai kama vyura wengi, bali huzaa vitoto vilivyokwisha kukamilika. Makazi yake duniani kote yalikuwa takriban hekta 2 za majani yaliyoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko.

Kituo cha Kihansi, chenye uwezo wa megawati 180, kilianza kazi mwaka 2000. Maji mengi ya mto yakaelekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakatika. Mwaka huohuo vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani, na huku korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga maporomoko. Vyura waliobaki walionekana kupata nafuu, kisha mwaka 2003 idadi yao ikaporomoka ghafla. Ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi za vyura ulikutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Katika sinema hapo ndipo radi ingepiga na yai likapasuka. Kwa kweli kilichofuata kilikuwa kazi ya miaka. Katika bustani za wanyama za Bronx, New York, na Toledo, Ohio, vyura walikufa kwa wingi hata wakawa chini ya 100, mpaka watunzaji walipojifunza mwanga gani wanahitaji, unyevu kiasi gani, na wadudu wadogo kiasi gani wa kuwalisha. Wakaongezeka wakawa maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 wakarejea nchini, kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni.

Hiyo ndiyo sehemu ya pili niliyoisubiri katika sinema zote za dinosaria na sikuipata: kiumbe amerudi, lakini mahali pake hapajarudi kama palivyokuwa. Umeme bado tunauhitaji, manyunyu sasa yanategemea mabomba, ugonjwa haujafutika, na hakuna stelingi mmoja wa kumpigia makofi. Watu walibishana mpaka bungeni kuhusu fedha zilizotumika kwa chura mdogo namna hii, na ubishi huo ni mali ya hadithi.

Kwamba Afrika Mashariki inaweza kuitengeneza sinema ya aina hii, hilo lilikwisha kuonekana. Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Pumzi mwaka 2009, dakika zisizozidi 25, kuhusu dunia iliyoishiwa maji na mwanamke anayeubeba mche nje ya kuta. Sehemu ya pili haina, wala haiihitaji. Vitabu navyo vipo: Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka 1995, inamrusha mhukumiwa wa kifo kwa chombo mpaka kwenye jamii nyingine kabisa, na ingefaa mno kwenye skrini.

Basi, ninyi mnaotengeneza filamu Dar es Salaam na Morogoro, pandeni treni ya TAZARA mteremke Mlimba. Anzeni hadithi mwaka 2012, siku vyura wanapoachiwa, mtuonyeshe kilichofuata. Na mtafsiri wa kibandani mpeni nafasi mapema, wakati mswada ungali unaandikwa.