Mwili haujasahau mazoezi uliyoyaacha

Barua nyingi za wasomaji msimu huu zinauliza jambo moja: nilikuwa nakimbia na klabu ya jogging kila Jumamosi, nikaacha kwa sababu ya ugonjwa, msiba, mtoto au kazi za zamu, hamu imekwisha, nifanyeje irudi? Wengi wameshajihukumu kuwa ni wavivu. Siamini. Walijaribu kurudi siku moja, wakahema vibaya kabla ya kufika mbali, wakadhani walichokijenga kimepotea chote.

Hakijapotea. Cha kwanza kupungua si misuli, ni maji ya damu, yaani plazima. Anayefanya mazoezi ya pumzi mara kwa mara huwa na damu nyingi zaidi: figo zake hubakiza chumvi na maji, na protini ya albumini huongezeka na kuyazuia maji hayo ndani ya mishipa. Kwa hiyo moyo hujaa vizuri kati ya pigo na pigo, na kila pigo husukuma damu ya kutosha. Ukiacha, ziada hiyo huanza kutoka ndani ya siku chache. Moyo usiojaa hulazimika kupiga haraka ili kufidia, na hapo ndipo unapohisi kifua kinataka kupasuka.

Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake huko Marekani walichapisha vipimo vya wanamichezo waliosimamisha mazoezi. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa takriban asilimia 7 katika wiki tatu za mwanzo, na asilimia 16 kufikia siku ya 84. Lakini vijishipa vidogo vya damu ndani ya misuli yao havikupungua, na bado waliwazidi watu wasiowahi kufanya mazoezi. Plazima nayo hurudi upesi: huanza kuongezeka siku chache tu baada ya kurejea.

Misuli ina kumbukumbu yake. Seli moja ya msuli ina viini vingi, na inapokua huongezewa vingine. Mwaka 2010 kundi la Kristian Gundersen la Chuo Kikuu cha Oslo lilionyesha kwamba msuli wa panya uliokuzwa ukisinyaa, viini vile vya ziada havitoki. Kwa binadamu suala la viini bado linabishaniwa, lakini mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, waliwafuatilia wanaume waliobeba vyuma wiki saba, wakapumzika saba, wakarudia saba. Alama za kikemia zilizowekwa kwenye baadhi ya jeni wakati wa mazoezi ya kwanza zilibaki hata misuli ilipopungua, na mara ya pili misuli ilikua zaidi.

Sasa wanaowadanganya watu. Msuli haugeuki mafuta ukiacha mazoezi. Ni tishu mbili tofauti. Jasho si mafuta yanayoyeyuka, na anayekuuzia nailoni ya kujifunga tumboni anakuuzia upungufu wa maji mwilini. Chai za kukata kitambi, nyingi zikiwa na dawa za kuharisha, zinakupotezea maji na fedha, nazo zinauzwa bila haya kwa watu wenye presha. Maumivu ya siku ya pili hayasababishwi na asidi ya laktiki, ambayo huondoka misulini muda mfupi baada ya zoezi. Ni nyuzi za msuli zilizojeruhiwa kidogo, na safari ijayo hazitauma kiasi hicho. Na zile siku 21 za kujenga mazoea? Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010 ulipata wastani wa siku 66, wengine 18, wengine 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Kwa hiyo usisubiri hamu. Anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea, uongeze taratibu kila wiki. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza. Ukikojoa mkojo wa kahawia baada ya zoezi zito, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Viongozi wa klabu za jogging, nanyi mna kazi. Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha jaribio lililohusisha wanachama 61,293 wa jimu za Marekani, likilinganisha mbinu kadhaa za kuwavuta watu mazoezini. Mbinu iliyoongoza ilitoa zawadi ndogo ya senti chache kwa aliyerudi baada ya kukosa siku moja. Basi mpigieni simu aliyekosa Jumamosi mbili, mwekeeni kundi la mwendo wa polepole, na mkomesheni anayemcheka kwa kitambi.