Punguzo la 20% Kisha 10% Si 30%: Piga Hesabu Kabla ya Kulipa

Umeona tangazo: friji ya Sh40,000, punguzo la asilimia 20, na ukilipa kwa simu unapunguziwa asilimia 10 zaidi. Haraka haraka unajumlisha: 30! Unaweka Sh28,000 kwa simu na kwenda dukani. Kwa keshia unaambiwa ni Sh28,800. Umepungukiwa na Sh800, na foleni nyuma yako inasubiri.

Pole, lakini keshia hajakuibia. Ile asilimia 20 inakatwa kwa bei kamili. Ile 10 inakatwa kwa bei ambayo tayari imeshuka, kwa hivyo ni ndogo kuliko ulivyodhani.

Hii hapa njia rahisi. Usiangalie unachopunguziwa, angalia unachobaki kulipa. Ukipunguziwa asilimia 20, unalipa 80, yaani 0.8. Ukipunguziwa 10, unalipa 90, yaani 0.9. Sasa toa kalkuleta kwa simu yako:

40,000 × 0.8 = 32,000
32,000 × 0.9 = 28,800

Umeokoa Sh11,200, sawa na asilimia 28. Hata ukianza na ile 10 kisha 20, jibu ni lile lile.

Bei ya awali ilikuwa ngapi?

Tuseme umenunua blenda kwa Sh2,720 baada ya punguzo la asilimia 15. Wengi wetu huongeza asilimia 15 juu ya 2,720 na kupata Sh3,128. Hapo tunakosea, kwa sababu asilimia 15 ilikatwa kwa bei kubwa, si kwa hii ndogo. Ulilipa 85 kwa kila 100, kwa hivyo gawanya:

2,720 ÷ 0.85 = 3,200

Kama mapunguzo yalikuwa mawili, gawanya mara mbili. Ile friji: 28,800 ÷ 0.9 ÷ 0.8 = 40,000.

Chunga ofa hewa

Tuseme wiki jana friji hiyo iliuzwa Sh32,000. Muuzaji anaipandisha kwa asilimia 25, inakuwa Sh40,000. Kisha anabandika "Punguzo 20%!" na inarudi Sh32,000. Hujaokoa hata shilingi. Ndiyo maana tunakushauri upige picha ya bei mapema, hasa kabla ya msimu wa Black Friday na Krismasi, na uulize bei katika duka lingine. Ukiona bei ya awali haieleweki, muulize muuzaji bila aibu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 hairuhusu mteja adanganywe.

Na jambo la mwisho: kabla ya kuweka namba yako ya siri, linganisha kiasi kilicho kwenye simu na hesabu yako. Zikitofautiana, usibonyeze kwanza. Uliza. Pesa ni yako, na ni rahisi kuuliza kabla ya kulipa kuliko kuomba irudishwe.