Arubuni, Mhuri na Mkataba: Hali Halisi ya Biashara na Wachina

Wageni wanaozifuata bidhaa za China huko huko zinakotengenezwa, kuanzia wawakilishi wa makampuni makubwa ya Ulaya hadi wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaochangiana kujaza kontena moja, hukutana katika soko kuu la Yiwu, mkoani Zhejiang, na katika maonyesho ya biashara ya Guangzhou, ambayo yalianza mwaka 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka. Wengi hununua, husafirisha na kurudi tena bila matatizo. Wale wanaopata hasara husema mara nyingi kwamba Wachina ni matapeli, kauli ambayo si ya haki na wala haimsaidii anayejiandaa kuagiza mzigo, kwa kuwa sehemu kubwa ya hasara hizo hutokana na mnunuzi kutoa fedha kabla ya kujua anampa nani na kwa mkataba gani.

Utaratibu uliozoeleka ni mnunuzi kutanguliza arubuni, ambayo aghalabu ni asilimia 30 ya bei, na kumalizia asilimia 70 kabla mzigo haujasafirishwa. Kabla ya arubuni mnunuzi hubembelezwa. Akishalipa, yeye ndiye anayeanza kubembeleza, na kwa sababu hiyo uchunguzi wote wa maana hauna budi kufanyika mapema. Jina la kampuni linalotambuliwa na sheria ya China ni lile lililoandikwa kwa Kichina, ilhali jina la Kiingereza lililo kwenye kadi ya mfanyabiashara ni la kujipachika tu na halitoshi kumtambulisha mshitakiwa mahakamani. Leseni ya biashara hubeba namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 18, na mtu yeyote anaweza kuihakiki bila malipo katika tovuti ya serikali ya nchi hiyo, ambako ataona pia jina la mwakilishi wa kisheria na shughuli ambazo kampuni imesajiliwa kuzifanya. Hapo hugundulika mara kwa mara kwamba anayejiita mwenye kiwanda ni dalali. Udalali si kosa, lakini huongeza bei na humweka mnunuzi mbali na mtengenezaji.

Mkataba nao huangaliwa kwanza mhuri. Mhuri rasmi wa kampuni ya China ni wa duara, wenye wino mwekundu na nyota katikati, umezungukwa na jina kamili la Kichina, na husajiliwa kwa vyombo vya usalama. Saini ya ofisa wa mauzo bila mhuri huo ni kinga dhaifu. Aidha, wezi wa mtandaoni hudukua barua pepe za muuzaji na kutuma ankara yenye akaunti mpya ya benki, jambo ambalo limewafilisi wengi, hivyo badiliko lolote la akaunti lithibitishwe kwa simu, kwa namba iliyokuwa ikitumika tangu mwanzo.

Kuhusu ubora, mnunuzi naye anabeba lawama. Anayeshusha bei hadi kiwanda kikose faida hulipwa kwa bati jembamba zaidi na waya wenye shaba kidogo, na mara nyingi upungufu huo huanza katika oda ya pili au ya tatu, baada ya ile ya kwanza kulingana na sampuli. Hatari huongezeka kabla ya mwaka mpya wa Kichina, kati ya Januari na Februari, wakati viwanda vinapokimbizana kumaliza kazi ili wafanyakazi warudi kwao. Kumlipa mkaguzi huru aufungue mzigo kiwandani kabla ya malipo ya mwisho ni gharama ndogo sana ikilinganishwa na kontena zima lisilouzika.

Hata ukubwa wa mtaji hautoi kinga. Fonterra, kampuni ya maziwa ya New Zealand, ilimiliki asilimia 43 ya Sanlu, kampuni ya maziwa ya Shijiazhuang, lakini wakurugenzi wake katika bodi ya Sanlu walikuwa 3 tu kati ya 7. Iliarifiwa Agosti 2008 kwamba maziwa ya watoto yamechanganywa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ikataka yaondolewe sokoni hadharani, na haikusikilizwa hadi Septemba. Watoto 6 walifariki, takriban 300,000 waliugua, na Sanlu ikafilisika. Msiba huo uliziangukia kwanza familia za Kichina, na anayezungumzia hatari za wageni hapaswi kulisahau hilo.

Madeni nayo yana uzito wa pekee, kwa sababu sheria ya China inaruhusu mahakama kumzuia mgeni mwenye kesi ya madai kutoka nchini. Mgogoro ukitokea, hukumu ya mahakama ya Dar es Salaam au Nairobi ni vigumu kutekelezwa huko, ilhali uamuzi wa usuluhishi, yaani shauri linaloamuliwa na wasuluhishi waliokubaliwa na pande zote, unalindwa na Mkataba wa New York wa 1958, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, China 1987 na Kenya 1989. Kipengele cha usuluhishi kiandikwe ndani ya mkataba kabla ya arubuni kulipwa, kwa maana muuzaji aliyekwisha kupokea fedha hana sababu ya kukikubali.