Umeme wa Kamera katika Gari Lililoegeshwa

Mathalani, mwalimu mmoja wa mjini Morogoro anaegesha gari lake chini ya mwembe siku ya Ijumaa saa 12 jioni, kisha anapanda basi kwenda Mgeta kuhudhuria msiba. Nyuma ya kioo cha mbele cha gari hilo amefunga kamera ndogo. Mwendoni kamera hiyo hupiga picha za barabara. Gari likiwa limesimama, hulinda vioo vya pembeni, taa na magurudumu, vitu ambavyo wezi wa mijini huvipenda sana. Jumatatu saa 12 asubuhi mwalimu anageuza ufunguo ili awahi kipindi cha kwanza. Starta inatoa mlio mmoja mkavu, taa za dashibodi zinafifia, na injini haiwaki. Hakuna mtu aliyeligusa gari tangu Ijumaa. Kamera yenyewe ingeweza kulithibitisha jambo hilo kwa picha, isipokuwa zile za saa za mwisho, maana hapo ilikuwa imekwisha kuzimika. Aliyekomba umeme ni mlinzi.

Jambo hili huwashangaza wengi, kwa sababu kamera ni kitu kidogo mno kikilinganishwa na injini. Ni kweli kwamba starta inapozungusha injini ya gari dogo huvuta mkondo wa ampea 200 hivi kwa volti 10, yaani wati 2,000. Kamera ya kawaida, pamoja na kifaa kinachopunguza volti 12 za gari kuwa volti 5, hutumia kiasi cha wati 5 tu. Nguvu ya starta ni mara 400 ya ile ya kamera. Lakini nguvu si nishati, na hapo ndipo mahesabu ya wengi yanapopotea. Starta hufanya kazi kwa sekunde 3, kwa hiyo hutumia juli 6,000. Kamera hufanya kazi tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, saa 60, na katika muda huo hutumia juli 1,080,000. Kwa nishati hiyo gari lingeweza kuwashwa mara 180.

Hesabu hiyo hiyo yaweza kufanywa kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa betri, yaani ampea-saa. Wati 5 zikigawanywa kwa volti 12.5 zinatoa mkondo wa ampea 0.4. Kwa saa 60 ni ampea-saa 24. Saa ya gari, king'ora na vifaa vingine visivyolala huongeza ampea 0.03 hivi, yaani karibu ampea-saa 2. Jumla ni 26. Betri mpya ya ampea-saa 45 iliyojaa barabara ingebakiwa na 19, na huenda gari lingewaka. Lakini betri iliyokwisha kutumika miaka mitatu katika joto la Morogoro huenda haihifadhi zaidi ya 30, hata kama maandishi ya ubavuni hayajabadilika. Hiyo itabakiwa na 4.

Kwa nini ampea-saa 4 zisitoshe, ilhali kuwasha injini mara moja hakuhitaji hata ampea-saa 0.2? Jibu limo katika kemia ya betri ya risasi, ambayo asili yake ni ile iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani ya kila seli mna bamba la risasi, bamba la dioksidi ya risasi, na asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, mabamba yote mawili hugeuka kidogo kidogo kuwa salfeti ya risasi, na asidi hupungua ukali. Salfeti haipitishi umeme vizuri, na asidi iliyozimuliwa hupitisha kwa shida. Hivyo ukinzani wa ndani huongezeka. Ukiwa omu 0.01, mkondo wa ampea 200 hupoteza volti 2 ndani ya betri, na starta hupata volti 10 na ushei. Ukiwa omu 0.02 zinapotea volti 4, na betri iliyokuwa na volti 12 hubaki na 8 tu. Umeme umo, lakini hauwezi kutoka kwa kasi inayotakiwa. Tena betri ikiachwa tupu kwa majuma kadhaa, salfeti hugeuka fuwele ngumu ambazo hazirudi tena kuwa risasi hata betri ikichajiwa.

Si lazima gari lilale siku tatu ndipo madhara yatokee. Mtu anayekaa karibu na kazi yake huendesha labda dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Altaneta ikiingiza ampea 15 katika betri, safari hizo mbili zitarudisha ampea-saa 5. Muda wote uliobaki wa siku, kamera itakuwa imekula zaidi ya 9. Betri hii ni kama Bwawa la Mindu katika kiangazi kirefu: mabomba ya mji yanaendelea kuchota, Mto Ngerengere unaleta maji haba, na kina hushuka kila siku pasipo mtu kuona, mpaka siku ya shida. Kufikia Ijumaa betri imepungukiwa na ampea-saa 20.

Kinga ya kwanza ni kifaa cha kukata umeme. Hiki huunganishwa kwa nyaya tatu: mmoja kwenye bodi ya gari, mmoja kwenye umeme usiozimika, na wa tatu kwenye umeme unaokuja ufunguo unapogeuzwa, ili kamera ijue kama gari limeegeshwa. Fyuzi ndogo ya ampea 2 ni ya lazima, na haifai kabisa kuchukua umeme kutoka katika nyaya za breki au za mifuko ya hewa. Kifaa hupima volti za betri na kuikatia kamera zinaposhuka. Betri iliyopumzika huonyesha volti 12.6 au 12.7 ikiwa imejaa, na 12.2 ikiwa nusu. Baadhi ya vifaa huuzwa vikiwa vimepangwa kukata kwenye volti 11.8 au chini yake, na hapo ni sawa na kufunga zizi baada ya ng'ombe kutoka. Kiwango cha 12.2 ni salama zaidi. Malori yanayolala Msamvu, pale njia za Dodoma na Iringa zinapoachana, yana betri mbili zilizoungwa mfululizo, hivyo viwango vyote huzidishwa kwa 2.

Njia nyingine ni kupunguza ulaji wenyewe. Kamera nyingi zaweza kupangwa zisinzie hadi kihisi kiguswe na mtikisiko, au zipige picha moja tu kila sekunde. Matumizi yakishuka hadi wati 1, zile saa 60 zitachukua ampea-saa 5 tu, na hata betri kongwe itavumilia. Wapo pia wanaofunga betri ya pili ya litiamu-chuma-fosfeti, inayojichaji gari likitembea. Ni njia nzuri, ila ghali.

Paneli ya jua juu ya paa huvutia. Paneli ya wati 10, kwa jua lenye thamani ya saa 4 na nusu kamili kwa siku, hutoa wati-saa 45, na baada ya upotevu hubaki labda 30. Kamera ya wati 1 inahitaji 24 na itashiba. Ya wati 5 inahitaji 120 na itabaki na njaa. Mawingu ya masika yanayong'ang'ania Uluguru hupunguza hata hicho kidogo. Aidha, dereva mwenye busara huegesha kivulini, na mwembe unaolinda gari na joto huinyima paneli jua.

Kuhusu joto, kivuli kina haki ya kwanza. Ndani ya gari lililofungwa na kuachwa juani, dashibodi yaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Kamera yenye betri ya litiamu ndani yake huweza kuvimba, na katika hali mbaya kushika moto. Kwa sababu hiyo zinazofaa hapa ni zile zenye kapasita badala ya betri. Benki ya umeme ya simu isiachwe kamwe juu ya dashibodi.

Darasa lenye voltimita laweza kuyachunguza haya kwa betri ya gari la shule na taa ya volti 12 yenye wati 5. Betri ipumzike usiku mzima, kisha volti zipimwe kabla taa haijaunganishwa, na tena kila baada ya saa 6 kwa siku mbili. Ammita iwekwe mfululizo na taa. Ikiunganishwa moja kwa moja katika ncha za betri itaungua, na aliyeishika pia. Grafu ikichorwa, mstari utashuka polepole mno, karibu volti nusu tu kwa siku zote mbili. Kisha wanafunzi wasome tena voltimita wakati dereva anapogeuza ufunguo.